Daraja Linalojikunja

Joto la Oktoba hapa Dodoma mnalijua. Mvua bado, upepo umebeba vumbi, na maabara yetu inatazama magharibi, kwa hiyo alasiri jua linapiga moja kwa moja mezani. Siku hiyo mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili alikuwa ameketi na modeli ya plastiki mkononi: piridini mbili (pete zenye naitrojeni moja kila moja) zilizounganishwa kwa mnyororo wa kaboni tatu. Alikuwa akizungusha vifungo vya katikati kwa vidole. Akizungusha huku, naitrojeni mbili za nchani zinaachana mpaka molekuli nzima inanyooka. Akizungusha kule, zinarudi na kukaribiana.

Alifanya hivyo kwa muda bila kusema neno. Kisha akaniuliza.

"Dokta, samahani. Hii tukiichanganya na zinki, zinki ndiyo itakayochagua mkao. Au kiyeyushi. Au nitrati. Sasa hapo sisi tumebuni nini?"

Nilimjibu kama ninavyowajibu wote: kwamba ligandi nyumbufu, yaani molekuli zinazopinda na kushika metali kwa ncha zake kama daraja, hutupa miundo mingi zaidi, kwamba huweza kuzoeana na metali za maumbo tofauti, kwamba hupumua, yaani hupanuka na kusinyaa, pale ligandi isiyopinda inapovunjika. Jibu lilikuwa sahihi. Akaandika kwenye daftari, akashukuru, akarudi kwenye neli zake.

Mimi nikabaki na swali.

Lilinifuata mpaka nyumbani, likanifuata kwenye vikao, likanikuta usiku nikisoma makala za wenzetu. Kila nilipoona neno "tulibuni" kwenye sentensi ya kwanza ya makala yenye ligandi ya mnyororo mrefu, nilisikia sauti ya yule binti.

Mlibuni nini?

Zisizopinda zilitangulia

Fani hii ya kuunganisha metali na ligandi kuwa mitandao ilisimama kwa sababu ya ligandi zisizopinda, na kuna sababu nzuri.

Mwaka 1974, Richard Robson alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Melbourne. Alitaka modeli za mbao za kuonyesha wanafunzi jinsi atomi zinavyoshikana, akaagiza karakana ya chuo itoboe matundu kwenye mipira ya mbao. Ili fundi atoboe, ilibidi Robson aamue kila tundu likae wapi. Modeli ziliporudi aliona jambo: umbo zima lilikuwa tayari limo kwenye matundu. Ukitoboa sawasawa, molekuli inajengeka yenyewe. Wazo lile alikaa nalo zaidi ya miaka 10, hata mwaka 1989 akaonyesha mtandao wa ioni za shaba na molekuli yenye mikono minne, uliopangika kama almasi lakini wenye nafasi tupu ndani yake. Susumu Kitagawa akaja kuonyesha mwaka 1997 kwamba mitandao ya aina hiyo inaweza kukaushwa, ikabaki imesimama, ikapokea gesi. Omar Yaghi akatoa MOF-5 mwaka 1999 (MOF ni jina la mitandao hii ya metali na ligandi yenye matundu). Watatu hao ndio waliopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2025.

Nguvu ya wazo la Robson iko kwenye uhakika wa pembe. Chukua bipiridini ya 4,4', ligandi ambayo kila maabara ya fani hii imewahi kuigusa. Umbali kati ya naitrojeni zake mbili ni karibu angstromu 7.1 (angstromu moja ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita), na hauongezeki wala haupungui. Metali zikishika pande zote mbili zitakuwa karibu angstromu 11 kutoka moja hadi nyingine. Ni kama watu wawili wanaobeba mzigo kwa mpiko: urefu wa mti ndio umbali wao, wapende wasipende. Wape kamba badala ya mti, na sasa wanaweza kusimama popote ndani ya urefu wa ile kamba.

Sisi tuliochagua kamba ndio tunaodaiwa maelezo.

Kaboni tatu, mikao minne

Tuitazame ile modeli kwa karibu, maana swali lote limo humo.

Katikati ya piridini mbili kuna kaboni tatu, na vifungo viwili vya kaboni kwa kaboni ambavyo mzunguko wake unaamua kila kitu. Kila kimojawapo kinapenda kukaa ama kimenyooka, nyuzi 180, ama kimejipinda, karibu nyuzi 60. Wanakemia huandika T kwa kilichonyooka na G kwa kilichopinda. Vifungo viwili, chaguo mbili kila kimoja, na vinapopinda vyote viwili vinaweza kupinda upande mmoja au pande kinzani. Inakuwa mikao minne: TT, TG, GG (upande mmoja), na GG' (pande kinzani).

Katika TT, naitrojeni zinaweza kufika angstromu 10 mbali. Katika GG', zinarudi mpaka kati ya 4 na 5.

Molekuli ni ileile. Umbali unapungua kwa nusu na zaidi.

Je, gharama ya kutoka mkao mmoja kwenda mwingine ni kiasi gani? Kwa butani, ambayo ndiyo mfano wa darasani, mkao uliopinda ni ghali kuliko ulionyooka kwa takriban kilojuli 3.8 kwa moli. Joto la chumbani lenyewe lina thamani ya kilojuli 2.5. Yaani tofauti yenyewe ni ndogo mno. Ndani ya chombo cha butani, karibu theluthi moja ya molekuli zimepinda wakati wowote ule. Kifungo cha naitrojeni na metali kina nguvu mara nyingi zaidi ya hapo. Metali ikivuta, mnyororo unakubali. Nitrati ikiingia katikati ya metali mbili na kuzisogeza, mnyororo unakubali. Ethanoli ikijipachika kwenye nafasi tupu, mnyororo unakubali tena.

Kuna mfano mmoja wa mwaka 1997 ambao kila anayefanya kazi hii huurudia. Kundi la Michael Zaworotko lilichukua nitrati ya kobalti na ligandi fupi kidogo kuliko ya kwetu, piridini mbili zenye kaboni mbili katikati, kwa uwiano uleule wa metali moja kwa ligandi moja na nusu. Wakapata zaidi ya muundo mmoja. Viungo havikubadilika, uwiano haukubadilika, bali mkao wa ligandi na namna vipande vilivyoshikana ndiyo vilivyotofautiana.

Nikisoma mfano huo zamani nilikuwa nikiona utajiri. Safari hii niliona kile alichokiona mwanafunzi wangu.

Kinachobaki chini ya bika

Hapa ndipo shaka yangu ilipozidi, na sina budi kuieleza vizuri.

Tunajua muundo kwa njia moja kuu: tunaotesha fuwele, tunachagua moja nzuri chini ya hadubini, inapigwa eksirei, tunapata mahali pa kila atomi. Ni njia ya ajabu na ninaiheshimu. Lakini fuwele iliyoota ni ile iliyokuwa na uyeyukaji mdogo zaidi kwenye kiyeyushi kile, joto lile, siku ile. Haina maana kwamba ndiyo iliyokuwa nyingi kwenye myeyusho. Zinki na piridini hushikana na kuachana kwa kasi kubwa mno. Ndani ya myeyusho kuna pete, minyororo mifupi na vipande, vyote vikibadilishana. Mojawapo ikianza kujipanga na kuzama chini, nyingine zote zinaendelea kugeuka kuwa hiyo mpaka zinakwisha.

Basi tunaichukua ile iliyozama, tunaichora kwa rangi nzuri, na tunasema ligandi yetu "inapendelea" mkao huu.

Na ile mingine? Chini ya bika mara nyingi kuna unga. Unga huo haupigwi eksirei ya fuwele moja kwa sababu hauna fuwele moja. Mara nyingi unamwagwa. Hapa Dodoma unga tunao mwingi kuliko tunavyotaka, hasa kiangazi, kwa sababu hewa ni kavu na methanoli inapotea haraka kabla fuwele hazijapata muda wa kukua. Tumejifunza kuziba vichupa kwa karatasi ya plastiki na kutoboa tundu moja la sindano, kisha kuvificha kwenye kabati la ndani lisilofikiwa na jua. Hata hivyo unga unakuja.

Wasiwasi wangu ulikuwa huu: kama ligandi inakubali kila inachoambiwa, na sisi tunaripoti tu kile kilichotokea kuzama, basi tunachokiita ubunifu ni kuandika historia ya bahati. Nilikaa na wazo hilo. Sikulipenda, na sikuweza kulikanusha kwa maneno ya darasani.

Nadhani fani yetu hailisemi jambo hili kwa sauti ya kutosha. Ligandi isiyopinda ikikosea, kosa linaonekana, kwa sababu kulikuwa na utabiri. Ligandi nyumbufu haikosei kamwe, maana hatukutabiri chochote.

Mrututu wa Mpunguzi

Siku moja nilikwenda Mpunguzi kwa shughuli nyingine kabisa. Kwenye shamba la mizabibu kando ya njia, mzee mmoja alikuwa akichanganya dawa kwenye pipa. Nilimwamkia, akaitikia, nikasogea kuangalia. Mrututu ule wa bluu, yaani salfeti ya shaba, na ndoo ya chokaa pembeni.

Nikamuuliza kwa nini asipige mrututu peke yake.

"Mwanangu, ukiupiga peke yake unaunguza majani. Chokaa ikizidi nayo, ukungu haufi."

Mchanganyiko huo Wafaransa wa Bordeaux waliuanza katika miaka ya 1880, na sasa uko popote palipo na mizabibu. Mzee hakunieleza kemia, wala sikumfundisha. Lakini nilisimama pale nikitazama pipa, na mambo mawili yakanijia kwa pamoja.

La kwanza ni kwamba mrututu wenyewe ni darasa la madaraja. Ndani ya fuwele yake kila ioni ya shaba ina maji manne karibu nayo, takriban angstromu 2, na juu na chini kuna oksijeni mbili za salfeti, mbali zaidi, karibu 2.4. Salfeti moja inashika shaba huku na shaba kule, na mnyororo unaendelea. Shaba ya aina hii haikai na majirani sita walio sawa. Wawili husogezwa mbali, na umbali wa hao wawili unaweza kunyooshwa zaidi au kufupishwa kulingana na kilichopo. Yaani metali nayo ina unyumbufu wake. Miaka yote nilikuwa nikiongelea ligandi nyumbufu kana kwamba uhuru wote umo ndani ya mnyororo wa kaboni, na metali imesimama tu kama nguzo.

La pili ni kauli ya mzee. Shaba ikiachwa huru mno inaunguza jani. Ikishikwa mno haiui ukungu. Kazi ndiyo inayosema ishikwe kiasi gani.

Nilirudi mjini nikiwa na swali lililobadilika. Nilikuwa nikijiuliza ligandi ipinde kiasi gani. Sasa nilitaka kujua uhuru ukae sehemu ipi, na upi ukatazwe.

Uhuru unakaa wapi

Ukianza kuuliza hivyo, mifano ya zamani inajipanga upya.

MIL-53, iliyotengenezwa na kundi la Gérard Férey kule Ufaransa mwaka 2002, ni maarufu kwa kupumua. Ikipokea maji kwenye joto la kawaida matundu yake yanasinyaa. Ukiipasha moto maji yakatoka, yanafunguka. Lakini ligandi yake ni tereftaleti, pete ya benzini yenye kaboksilati mbili (ncha za oksijeni zinazoshika metali), isiyopinda hata kidogo. Kinachocheza ni bawaba ya pale kaboksilati inaposhika mnyororo wa metali. Muundo nyumbufu, ligandi isiyopinda.

Kinyume chake ni EDTA. Mikono yote inazunguka, kila kifungo kina uhuru, wanafunzi wanaitumia kupima ugumu wa maji ya kisima bila kufikiria umbo lake. Ikikutana na kalisi inaikumbatia kwa naitrojeni mbili na oksijeni nne, na uhuru wote unaisha hapo hapo. Ligandi nyumbufu, matokeo yasiyocheza. Wala haijawa daraja: imeishika metali moja na kuibana yenyewe.

Hapo ndipo nilipoona kwamba kuna kazi halisi ya kubuni, na inaanza mapema kuliko mnyororo.

Angalia bipiridini mbili zenye fomula moja, C10H8N2. Moja ina naitrojeni kwenye nafasi ya 2 ya kila pete. Zinatazamana, metali inaingia katikati, pete ya pembe tano inaundwa, mambo yamekwisha. Nyingine ina naitrojeni kwenye nafasi ya 4. Zinatazama nje, kila moja upande wake, na metali moja haiwezi kuzishika zote mbili. Lazima ziwe mbili. Hakuna kiyeyushi wala nitrati itakayobadilisha hilo. Mwanakemia aliyeweka naitrojeni pale ameondoa kabisa uwezekano mmoja, na hakuna anayeweza kuurudisha.

Irudie ligandi yetu ya kaboni tatu ukiwa na macho hayo. Naitrojeni ziko nafasi ya 4. Hata mnyororo ukijikunja mpaka GG', zikakaribia angstromu 4 au 5, bado hazitazamani. Metali moja haiingii. Kinachoweza kuzaliwa hapo ni pete yenye metali mbili na ligandi mbili. Kwa hiyo tulikuwa tayari tumekataza jambo moja kubwa bila kulitaja.

Sasa hamisha naitrojeni hadi nafasi ya 3. Inaonekana ni hatua ndogo, ila kila kitu kinabadilika. Kwenye nafasi ya 4 naitrojeni iko juu ya mhimili wa pete: ukiizungusha pete, naitrojeni inabaki ikitazama kulekule. Kwenye nafasi ya 3 imekaa pembeni ya mhimili, kwa hiyo kila mzunguko wa pete unaipeleka upande mwingine. Umeongeza uhuru mpya bila kugusa mnyororo. Mtu anayeagiza ligandi ya nafasi ya 3 kwa sababu tu ya 4 imekwisha kabatini anapaswa kujua kwamba ameanza mradi mwingine.

Mnyororo wenyewe nao una sheria zake. Ukinyooka kwa ukamilifu, idadi shufwa ya kaboni inazifanya ncha mbili zielekee pande kinyume, na idadi witiri inaufanya mnyororo uwe na umbo la upinde, ncha zote zikiinama upande mmoja. Kaboni moja ya ziada inageuza tabia nzima, na wengi wetu huipuuza tunapochagua kile kilichopo kwenye orodha ya muuzaji.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa benzini yenye vikundi sita. Weka mikono mitatu yenye imidazoli (pete ndogo ya naitrojeni inayoshika metali) kwenye nafasi za 1, 3 na 5, ukiacha haidrojeni kati yake. Mikono itaenda juu, chini, popote. Sasa badala ya zile haidrojeni weka vikundi vya ethili. Ethili ni vinene. Haviwezi kukaa upande mmoja na majirani zao bila kubanana. Vinageukia chini, na mikono mitatu inasukumwa juu, upande mmoja wa pete. Kila mkono bado una kaboni yake inayozunguka, bado unaweza kujirekebisha metali ikija. Lakini yote mitatu inaelekea kulekule.

Ethili hazishiki metali. Hazitajwi kwenye kichwa cha makala. Zimewekwa pale kukataza tu.

Mwanafunzi wangu aliuliza tumebuni nini. Jibu nililolipata ni kwamba kwenye ligandi nyumbufu tunabuni yale yasiyowezekana. Yanayobaki tunawaachia metali, anioni (kama ile nitrati) na kiyeyushi wachague. Na kama hatuwezi kutaja hata umbo moja tulilolikataza, basi binti yule ana haki: hatujabuni kitu.

Nililijaribu jibu hilo dhidi ya makala zilizonisumbua. Baadhi zilipita. Mwaka 1997 Robson mwenyewe na wenzake walitumia ligandi yenye benzini katikati na imidazoli mbili pembeni, kila moja ikining'inia kwa kaboni moja, pamoja na nitrati ya fedha, wakapata mtandao ambamo vipande vimepitishwa ndani ya vingine mithili ya pete kwenye uzi. Ligandi hiyo inapinda kwenye kaboni mbili tu. Kipande cha kati hakipindi. Mwenye kuichora anaweza kukuambia ni maumbo gani hayatatokea. Nyingine hazikupita, na nadhani waandishi wake wangekubali.

Kuhusu maji, kwa kifupi

Kila nikiongelea mambo haya nje ya maabara, mtu huniuliza: yatatuletea maji?

Ninaelewa kwa nini. Mkoa huu unapata mvua kidogo, msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na ukikosa mvua hapo umekosa mwaka. Omar Yaghi alikulia Amman, kwenye familia ya wakimbizi, ambako maji ya bomba yalikuja kwa saa chache kila baada ya wiki moja au mbili. Mwaka 2017 kundi lake na wenzao wa Marekani walionyesha kwamba MOF-801, ya zirkoni na fumarati, inaweza kunyonya mvuke hata hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 20 tu, kisha kuuachia kwa joto la jua. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifikiria Bahi mwezi wa Septemba.

Lakini muundo huo hausimami kwa minyororo inayojikunja, na ninaona ni sawa. Kitu kinachonyonya na kuachia kila siku, mwaka baada ya mwaka, kinahitaji kurudi mahali pake kila mara. Vilevile ndugu zetu wa Singida wanaokunywa maji yenye floraidi juu ya kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita cha Shirika la Afya Duniani, ambao meno ya watoto wao yanaonyesha, hawahitaji niwaahidi chujio kutoka kwenye kichupa changu. Kazi yetu iko mbali na hapo. Nafasi ya ligandi nyumbufu naiona kwingine: kwenye vitu vinavyotakiwa kukaa vimefungwa mpaka mgeni fulani afike kwa kiasi fulani, ndipo vifunguke ghafla. Kitagawa aliliona hilo mapema, alipopendekeza mwaka 1998 kwamba mitandao hii inaweza kufanywa iwe nyumbufu. Hapo unyumbufu ndio kazi yenyewe, na ndipo inapolazimu kujua umeukataza wapi.

Tunavyofanya sasa

Maabara yetu imebadilisha utaratibu mmoja. Kabla ya kuchanganya chochote, kila mwanafunzi anaandika kwenye ukurasa wa kushoto maumbo ambayo ligandi yake haiwezi kuyapata, na kwa nini. Metali moja haiwezi kushikwa na ncha zote mbili, kwa sababu naitrojeni zinatazama nje. Mikono mitatu haiwezi kugawanyika juu na chini, kwa sababu ya ethili. Ukurasa wa kulia unabaki kwa ajili ya matokeo. Umbo la kushoto likitokea kulia, tumejifunza kitu kikubwa kuliko fuwele yenyewe.

Tumeamua pia kuanza na fedha kabla ya zinki. Ioni ya fedha hupenda kushikwa pande mbili zilizonyooka, kwa hiyo mnyororo ukijipinda tunaweza kuulaumu mnyororo kwa haki zaidi. Zinki ina namna nyingi za kukaa, ikiwa na majirani wanne, watano au sita, na ukianza nayo hujui nani amepinda nani. Fedha inaharibiwa na mwanga, basi vichupa vinafungwa kwa karatasi ya alumini. Kabatini hakuna tena nafasi.

Na unga haumwagwi. Unakaushwa, unawekwa lebo, unasubiri zamu ya kupigwa eksirei ya unga, ili tuulinganishe na fuwele iliyotoka kwenye bika lilelile. Vikifanana, fuwele ilisema kweli kuhusu wengine. Visipofanana, makala itasema hivyo, aya ya kwanza, kabla ya picha ya rangi.

Bado kuna jambo sijalimaliza. Kwenye myeyusho, kabla chochote hakijazama, zile pete na minyororo mifupi zinabadilishana haraka mno kiasi kwamba vipimo vyetu vinatupa wastani tu. Kupoza myeyusho kunasaidia, hadi mahali fulani, halafu chumvi inaanza kuanguka. Ninatafuta namna ya kuona mkao wa ligandi pale ambapo bado hakuna fuwele ya kuutawala. Kama uko kwenye maabara ya Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au kwingineko, na unalo daftari la michanganyiko ya ligandi ndefu iliyokupa unga tu, usilitupe. Niandikie ulitumia anioni gani na kiyeyushi gani, na ulikuwa unatarajia nini kisitokee.